Dharura
Siku hizi mtu akikosa kikao husema, "Nimepata dharura." Mara nyingi ni udhuru tu. Dharura, neno lenye asili ya Kiarabu, ni jambo lisilongoja. Matabibu hulipima kwa saa. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kuwa dawa ya asidi ya traneksamiki huokoa wanaovuja damu. Uchambuzi wa 2011 ukaongeza kuwa ikichelewa kupita saa 3, huenda ikadhuru. Katika utafiti wa mwaka 2018 nchini Marekani, majeruhi waliotundikiwa plazma, yaani majimaji ya damu, wakiwa bado angani, ndani ya helikopta, walikufa asilimia 23 katika siku 30. Wasiotundikiwa, asilimia 33. Hiyo ndiyo dharura. Mwenye udhuru na aseme udhuru.