Kusikia Mwili na Kuganga Nchi: Lugha ya Uponyaji katika Historia ya Mara

Mkoa wa Mara ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye lugha nyingi mahali padogo. Musoma na vijiji vinavyouzunguka husema Kikwaya, Kijita na Kiruri. Butiama ni nchi ya Kizanaki. Bunda, iliyo njiani kutoka Mwanza, huwakutanisha Wajita, Waikizu na Wasukuma. Na upande wa kaskazini wako Wakurya na Wajaluo, ambao hawa wa mwisho lugha yao si ya Kibantu. Wote hao wanapofika mbele ya daktari, Kiswahili ndicho huwaunganisha, na swali la kwanza waulizwalo ni fupi: "Unajisikiaje?" Swali hilo lina historia ndefu kuliko hospitali yenyewe.

Katika Kiswahili, kitenzi *sikia* si cha masikio peke yake. Mtu husikia sauti, lakini pia husikia njaa, baridi, usingizi na maumivu. Jambo hili halikuzuka pwani tu. Katika Kiganda, *-wulira* ni kusikia kwa sikio na kusikia mwilini. Katika Kigikuyu, *-igua* hubeba maana hizo mbili. Na mbali kusini, *-zwa* ya Kizulu hufanya vivyo hivyo. La kutazamwa zaidi ni kwamba Kijaluo, chenye asili ya Kinailo, nacho hutumia *winjo* kwa kusikia neno na kwa kusikia hali ya mwili. Basi Mjaluo na Mbantu wakutanapo Musoma, ingawa lugha zao hazikuzaliwa tumbo moja, wameafikiana juu ya jambo hili la msingi: mwili una kauli, na mwenye mwili ndiye msikilizaji wake wa kwanza.

Sarufi inauthibitisha ufahamu huo. Msemaji wa Kiingereza husema kwamba "ana" maumivu ya kichwa, kana kwamba maumivu ni mali yake. Mswahili husema "kichwa kinaniuma": kichwa ndicho mtenda, naye ni mtendwa. Ndivyo ilivyo katika "moyo unanienda mbio", "mwili unanisisimka", "roho inasita" na "damu zetu zimepatana". Katika kauli hizi kiungo hutangulia, na akili hufuata nyuma ikitafuta maana.

Neno lenyewe la uponyaji nalo ni la kale. Wataalamu wa isimu historia wameonyesha kwamba *ganga* ni mzizi wa Kibantu uliosambaa kote, wenye maana za kufunga na kutibu. Katika Kiswahili maana zote mbili zimebaki: huweza kugangwa kilichovunjika, na huweza kugangwa mgonjwa. Kwa hiyo kuganga, kwa asili yake, ni kuunganisha kilichotengana. Methali "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" huipeleka maana hiyo mbele, kwani huwaita waliogombana wagange uhusiano wao kama wagonjwa wa maradhi mamoja.

Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Mara na kuchapisha matokeo yake mwaka 2003 na 2007, ameeleza jinsi uganga huo ulivyovuka ngozi ya mtu mmoja. Mizimu ya nchi, *emisambwa*, ilikuwa na makao yake katika vilima, chemchemi na miti. Na kwa nyakati maalumu watu wa rika waliizunguka nchi yao kwa miguu, wakiikinga kwa dawa. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, tauni ya ng'ombe, ndui na njaa vilipoiangamiza mifugo na watu, kuizunguka nchi kulikuwa kazi ya mwili na ya afya kwa pamoja. Miguu ilikuwa ikikumbuka mipaka ambayo vinywa vingeweza kuisahau.

Ukoloni uliyatenga yaliyokuwa pamoja. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliwaweka waganga wengi katika kivuli cha mashaka. Shuleni nako Kiswahili kilijenga msamiati mwingine. Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alitoka katika Kizanaki cha nyumbani akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Njia hiyo ilipitwa na watoto wengine wa kizazi chake. Hata hivyo lugha haikutii utengano huo. Daktari wa serikali aliitwa *mganga*, na hadi leo mkoa una Mganga Mkuu wake. Mwaka 1974 kitengo cha utafiti wa tiba ya jadi kilianzishwa Muhimbili, na mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria ilichukua miaka 74 kukiri hadharani jambo ambalo neno moja lilikuwa limelihifadhi siku zote.

Hapana budi, hata hivyo, kuepuka kuipamba lugha. Mwili husema kweli, lakini jina tunalolipa neno lake laweza kupotosha. Mtoto mwenye malaria kali hushikwa na mtukutiko, na Waswahili wameuita *degedege*, jina linalomkumbusha ndege. Watafiti waliochunguza jambo hili nchini Tanzania waliwakuta wazazi walioona degedege kuwa ni jambo jingine, si malaria, nao wakatangulia kwa mganga wa jadi huku saa za kuokoa maisha zikipita. Hapo mwili ulisikika, ila haukueleweka.

Inafaa kulinganisha na Marekani. Katika miaka ya 1970 Thomas Hanna alilichukua neno la Kigiriki *soma*, yaani mwili, akaliundia fani. Na mwaka 1978 Eugene Gendlin wa Chuo Kikuu cha Chicago alifundisha kwamba anayetaka kupona hana budi kutulia na kuitafutia maneno ile hisia ya mwilini isiyo na jina bado. Huko ilihitajika fani mpya ili watu warudishwe kwenye miili yao. Mara, kitenzi cha kila siku kilikuwa kikifanya kazi hiyo.

Kazi inayobaki ni ya wanaisimu kama ilivyo ya matabibu. Kamusi za Kizanaki, Kiikizu na Kijita zisiishie kwenye majina ya mimea na mifugo. Ziandike pia vitenzi vya mwili, kwa kuwa bibi wa Butiama anayeeleza maumivu yake kwa Kiswahili alichojifunza ukubwani huenda anaacha nusu ya habari katika lugha yake ya kwanza. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," wamesema wahenga. Lakini si kila maradhi yaliyofichika yamefichwa na mgonjwa: mengine yamefichwa na lugha ambayo hakuna aliyekaa akaisikiliza.