Talibe (Senegal)

Talibe ni jina wanaloitwa nchini Senegal watoto wanaosoma Kurani katika chuo kiitwacho daara, chini ya mwalimu ambaye kwa Kiwolof huitwa serigne. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwanafunzi, na wengi wao ndivyo walivyo: huenda chuoni na kurudi kulala kwao. Ila jina limebaki kwa wale wavulana, wengine wa miaka 5 tu, wanaozunguka mijini peku wakiombaomba.

Kuomba kulianza kama somo. Kijijini, wanafunzi walilima shamba la mwalimu, na walipopita kwa majirani na kibuyu walipata chakula pamoja na funzo la unyenyekevu. Ukame wa miaka ya 1970 uliharibu mpango huo. Karanga zilipokauka, walimu wengi walihamia Dakar, Thiès na Saint-Louis na wanafunzi wao, na mjini hakuna shamba. Kibuyu kikawa kopo la nyanya. Chakula kikawa fedha. Mtoto hupangiwa faranga za kuleta kila siku, kama dereva wa daladala anavyodaiwa hesabu, tofauti ikiwa kwamba mtoto akipungukiwa huchapwa. Baadhi huletwa kutoka Guinea-Bissau na wazazi ambao kwao mdomo mmoja kupungua ni nafuu, na chuo ni heshima.

Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 2010 kuwa watoto wanaolazimishwa kuomba ni 50,000 au zaidi; makadirio yake ya 2019 yalivuka 100,000. Sheria ya 2005 inakataza kumtumia mtu mwingine kuomba, lakini kanuni ya adhabu inaruhusu sadaka kwa desturi ya dini, na viongozi wa tarika za Kisufi wana nguvu kubwa kwenye kura. Moto wa Machi 2013 mtaani Médina, Dakar, ulioua watoto waliolala daarani, ulileta ahadi nyingi na kesi chache.

Anayetoa naye ana haja yake. Waganga huwaagiza watu sadaka ya sukari, mishumaa au sarafu ili safari ifanikiwe au cheo kipatikane, na mpokeaji wa karibu ni mtoto mwenye kopo. Mwandishi Aminata Sow Fall aliliona hilo mapema: katika riwaya yake ya 1979, La Grève des bàttu, ombaomba wa mji wanagoma, na mkubwa anayetamani umakamu wa rais anakosa wa kumpa sadaka yake.