Kutoka Mganda wa Ziwa Nyasa hadi Studio ya Barabara ya Pugu

Kabla redio binafsi hazijaanza katikati ya miaka ya 1990, kijana wa Liuli, Lituhi au Mbamba Bay, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, aliyetaka wimbo wake usikike nchi nzima alikuwa na mlango mmoja wa kubisha: studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Kutoka Mbinga, mkoani Ruvuma, hadi pale ni zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo, jioni ilipoingia, redio za betri huku mwambaoni zilileta sauti za studio ile hadi barazani.

Utangazaji ulianza Julai 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, wakati wa ukoloni. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika. Mwaka 1965 serikali ikalivunja shirika hilo, ikaichukua redio mikononi mwake, na jina la RTD likazaliwa.

Studio ile ilikuwa zaidi ya chumba cha watangazaji. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo bendi iliyotaka santuri ilisafiri hadi Nairobi, safari iliyokuwa ngumu zaidi baada ya mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa mwaka 1977. Nyimbo nyingi za Watanzania, kwa hiyo, zilibaki kwenye kanda za RTD peke yake. NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na bendi nyingine kubwa zilirekodi pale. Wanamuziki walipiga wote kwa pamoja, mwimbaji, magitaa, tarumbeta na ngoma, kanda ikizunguka. Mmoja akikosea, wote huanza upya. Bendi ilifika studio ikiwa imeuivisha wimbo, kwa sababu hakukuwa na mtambo wa kumfichia mtu udhaifu wake.

Lakini muziki wa mwambao wa Nyasa haukuanzia kwenye redio. Beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Ilipofika ziwani ikawa mganda. Wanaume husimama kwa mistari wakiwa wamevaa nadhifu, hupuliza vibuyu vyenye utando unaotetemesha sauti, na ngoma kubwa huwaongoza hatua. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, ngoma hiyo huitwa pia malipenga. Wanawake nao wana kioda. Vijiji vilialikana na kushindana, na kila kundi lilitunga nyimbo za kusifu, kuonya na kukumbusha yaliyopita. Makanisa yakaongeza kwaya, na watoto wakajifunza kuimba kwa sauti nne wakiwa bado shule ya msingi.

Katika udongo huo alikulia Kapteni John Komba wa Lituhi, aliyezaliwa mwaka 1954. Alipitia jeshini, akaongoza kwaya, na tangu mwaka 1992 akaliongoza kundi la Tanzania One Theatre. Taifa lilipomlilia Mwalimu Nyerere Oktoba 1999, sauti yake ilikuwa miongoni mwa zilizobeba msiba ule. Baadaye alikuwa mbunge wa Mbinga Magharibi. Alifariki Februari 28, 2015, akazikwa kwao Lituhi. Mtoto wa ziwani alifika mbali bila kuacha namna ya kwao ya kuimba: kiongozi anatoa, kundi linapokea.

Nilipopata nafasi ya kuitembelea studio ya RTD, kilichonigusa zaidi ni kanda zilizopangwa kwenye rafu, jina la kundi na la wimbo vikiwa vimeandikwa kwa mkono. Watu wengi waliorekodiwa pale hawakuwa na fedha wala shule ya muziki. Walikuwa na mazoezi na jambo la kusema. Nilitoka nimeazimia kurudi kwenye gitaa langu na kuutafuta wimbo wangu katika mdundo wa mganda niliousikia tangu utotoni, badala ya kuuazima mjini.

Neno hilo nawaambia pia vijana wa Mbinga na Nyasa. Leo lami imeteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na simu moja inarekodi kile ambacho zamani kilihitaji safari ya siku kadhaa. Nendeni kwa wazee wanaojua mganda, kioda na lizombe ya Wangoni jirani zetu. Warekodini kwa ridhaa yao, andikeni majina yao, kisha tungeni nyimbo zenu wenyewe na kuzisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Walimu wafungue milango ya shule kwa wazee hao. Halmashauri zetu zitenge chumba kimoja kitulivu cha kurekodia, na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), lililorithi maktaba ya RTD, lisaidie kuzirudisha ziwani sauti za Ruvuma zilizomo humo. Mzee akifariki bila kurekodiwa, nyimbo zake huondoka naye. Kazi hii ianze sasa, wangali hai.