Mfumo wa mafaili wa flashi

Mfumo wa mafaili wa flashi ni utaratibu wa kuhifadhi mafaili uliobuniwa kwa ajili ya chipu za kumbukumbu ya flashi. Hutumika hasa katika vifaa vidogo vinavyoendeshwa na Linux, kama vile ruta na kompyuta ndogo za shule. Inayojulikana zaidi ni JFFS2, iliyotungwa na David Woodhouse wa Red Hat mwaka 2001, na UBIFS, kazi ya wahandisi wa Nokia na Chuo Kikuu cha Szeged, Hungaria, iliyoingia katika kerneli ya Linux toleo 2.6.27 mwaka 2008.

Tabia ya flashi

Data mpya haiwezi kuandikwa juu ya data ya zamani kabla bloku nzima haijafutwa. Bloku ya flashi aina ya NAND mara nyingi ni kilobaiti 128 au zaidi, na kila ufutaji huichakaza kidogo. NAND ya aina ya SLC kwa kawaida huvumilia kufutwa takriban mara 100,000. Ndiyo sababu JFFS2 huandika kila badiliko mahali papya, kisha huhamisha data inayofaa na kufuta bloku zilizobaki na takataka tu. Kadi za SD, diski za USB na eMMC zina kidhibiti chao kinachofanya kazi hiyo, hivyo hutumia ext4 au F2FS. Kuziwekea JFFS2 ni kosa la kawaida la wanaoanza.

Kukatika kwa umeme

Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo mkoani Kagera ilipata umeme wa jenereta za dizeli za TANESCO, nje ya gridi ya taifa. Kifaa kisicho na betri kikizimika ghafla, JFFS2 na UBIFS kwa kawaida huendelea kufunguka, kwa sababu zote mbili hukagua rekodi zao wakati wa kuwaka. Faili lililokuwa likiandikwa ndilo hupotea. Katika UBIFS faili hilo huweza kubaki na jina lake huku ukubwa wake ukiwa sifuri: data ilikuwa bado kwenye RAM. Dawa yake ni programu kuita fsync kabla ya kuhesabu kazi imekwisha. Kubadilisha chipu hakusaidii.

Flashi kujaa

Ng'ambo ya mto Kagera kutoka Ngara, nchini Rwanda, shule zilipokea kompyuta za XO za mradi wa One Laptop per Child. Modeli ya kwanza, XO-1, ilikuwa na NAND ya gigabaiti 1 yenye JFFS2. Picha na video za wanafunzi zilipoijaza, kompyuta iliweza kushindwa kuwaka kabisa, ingawa hakuna kilichoharibika. Mtego uko hapa: katika JFFS2 hata kufuta faili kunahitaji kuandika rekodi ya ufutaji, na usafishaji unahitaji bloku chache tupu. Tena JFFS2 hubana data, hivyo nafasi inayoonyeshwa na amri ya df ni makadirio tu. Kupakia mfumo upya kutoka diski ya USB kuliiwasha tena XO-1, lakini kazi za mwanafunzi ambazo hazikunakiliwa mahali pengine zilipotea.

Kutambua hitilafu

Hatua ya kwanza ni kusoma ujumbe wa kerneli kwa amri ya dmesg, na orodha ya sehemu za flashi katika /proc/mtd. Ujumbe kwamba alama 0x1985 haikupatikana mara nyingi humaanisha sehemu haikufutwa vizuri kabla ya kuandikwa, au imewekwa picha ya kifaa kingine. Kosa namba -74 katika UBIFS huonyesha data iliyoharibika kupita uwezo wa kusahihishwa. Mfumo ukikumbana na hitilafu nzito hujigeuza kuwa wa kusomwa tu. Hapo inafaa kunakili mafaili yanayosomeka kabla ya jaribio lolote la kuandika. Bloku mbovu chache zenyewe si dalili ya ugonjwa, kwani NAND nyingi hutoka kiwandani nazo.

Ruta zenye OpenWrt na flashi ndogo huweka mfumo wa msingi katika SquashFS isiyoandikika, na mabadiliko ya mtumiaji katika JFFS2 juu yake. Amri ya firstboot hufuta tabaka hilo la juu pekee, na ruta hurudi ilivyokuwa mwanzo bila kompyuta nyingine kuhitajika.