Takwimu za kutazamwa kwa matangazo: Zinavyowahadaa wenye nyumba za wageni mpakani Busia

MWENYE nyumba ya vyumba viwili huko Namboboto, eneobunge la Funyula katika Kaunti ya Busia, aweza kuamka asubuhi, akafungua simu yake ya rununu na kukuta kwamba tangazo lake limetazamwa mara 60 katika mwezi mmoja. Kalenda ya nyumba hiyo, hata hivyo, ni tupu. Hakuna aliyelala, hakuna aliyelipa, na mlinzi angali anadai mshahara wake.

Hapo ndipo maamuzi ya pupa huanza. Mmoja hupunguza bei kwa nusu. Mwingine hulipa ili tangazo lake lipandishwe juu ya mengine. Wa tatu, akiona idadi imepanda maradufu, hukimbilia chama chake kuomba mkopo wa kuongeza chumba. Wote watatu wametegemea nambari moja ambayo hakuna aliyewaeleza inahesabu nini hasa.

Biashara ya kukodisha nyumba kwa siku chache, ambayo Wakenya wengi huiita Airbnb hata pale ambapo kampuni hiyo haihusiki, imeenea kutoka miji mikubwa hadi miji ya mpakani. Busia na Malaba zina wateja wa aina yao: madereva wa malori, mawakala wa forodha, wafanyabiashara wavukao mpaka, watafiti na maafisa wa mashirika. Namboboto, iliyo kusini zaidi katika nchi ya Wasamia, hupata wageni wa namna nyingine, hasa jamaa warudio nyumbani kwa sherehe na matanga. Takwimu zinazowafikia wenye nyumba hizi zilibuniwa kwa soko pana zaidi ya hilo, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Chimbuko la hesabu

Desturi ya kuhesabu watazamaji ni kongwe kuliko biashara yenyewe. Katika miaka ya 1990, tovuti nyingi zilijivunia kihesabio kidogo chini ya ukurasa. Mara nyingi kilichohesabiwa hakikuwa watu bali faili zilizoombwa na tarakilishi ya msomaji. Ukurasa mmoja wenye picha tisa ulihitaji faili kumi, na hivyo mtu mmoja aliyeufungua mara moja aliweza kuandikwa kama kumi. Wenye tovuti walijitapa kwa mamilioni ambayo hayakuwapo.

Baadaye hesabu iliboreshwa. Ukahesabiwa ukurasa uliofunguliwa, kisha ziara, kisha mgeni mmojammoja. Kampuni ya Google ilipozindua huduma yake ya Analytics mwaka wa 2005, hata mwenye tovuti ndogo aliweza kupata takwimu hizo bila malipo. Booking.com, iliyoanzishwa mwaka wa 1996, na Airbnb, iliyoanzishwa San Francisco mwaka wa 2008, ni miongoni mwa majukwaa yaliyokulia katika desturi hiyo.

Kwa kawaida, kutazamwa maana yake ni kwamba ukurasa wa tangazo umefunguliwa. Si mtu, si nia, wala si pesa. Mteja mmoja anayefungua tangazo asubuhi, akamwonyesha mkewe jioni, kisha akalirudia kesho yake ili kuhakiki kama kuna maegesho, anaweza kuhesabika mara tatu. Mshindani wako wa mtaa wa pili anayechungulia bei yako naye huhesabika. Binamu yako aliye ughaibuni, ambaye hana haja ya chumba ila anafurahia kuona ulivyopaka rangi ukuta, pia yumo.

Isitoshe, baadhi ya watazamaji si binadamu. Ripoti ya kampuni ya usalama wa mtandao ya Imperva, iliyotolewa mwaka wa 2025, ilikadiria kwamba asilimia 51 ya mwendo wote wa mtandaoni mwaka wa 2024 ilitokana na programu zinazojiendesha zenyewe. Zipo zinazokusanya bei, zipo zinazohudumia mitambo ya utafutaji, na zipo za walaghai. Ukibandika kiungo cha tangazo lako kwenye Facebook, programu ya kampuni hiyo huenda kuuchukua ukurasa ili itengeneze picha ndogo ya utangulizi. Majukwaa makubwa hujitahidi kuzichuja programu hizi. Kihesabio cha bei nafuu kwenye tovuti yako binafsi huenda kisichuje lolote.

Busia ipi?

Mpakani kuna tatizo ambalo mwenye nyumba wa Nakuru au Kisumu halijui. Kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Kuna Malaba ya Kenya na Malaba ya Uganda. Aidha, Busia ya Kenya ni jina la mji na pia la kaunti nzima, inayoanzia Teso kaskazini hadi Budalang'i kwenye Ziwa Victoria. Mtu anayeandika "Busia" tu anaweza kuonyeshwa nyumba ambayo haimfai kabisa.

Airbnb, kwa mfano, huweza kumwonyesha mteja eneo la kukadiria tu hadi atakapothibitisha nafasi yake. Kwa hiyo anayetaka kulala karibu na kituo cha forodha hulifungua tangazo la Namboboto ili asome maelezo na kujua nyumba iko wapi, kisha huondoka mara moja. Kwake swali limejibiwa. Kwako ni "kutazamwa" kumoja zaidi. Dawa yake ni nyepesi na haigharimu chochote: taja katika sentensi ya kwanza kwamba nyumba iko Namboboto, upande wa Funyula, na kwamba si hatua chache kutoka mpakani. Idadi ya watazamaji huenda ikashuka, na hilo lisikutie hofu.

Takwimu za mahali walipo watazamaji nazo zahitaji tahadhari. Wakazi wengi wa mpakani wana laini za nchi zote mbili. Aketiye Busia ya Kenya akatumia laini ya Uganda huonekana kana kwamba yuko Uganda. Vilevile, anayetumia mtandao wa simu akiwa Matayos anaweza kuandikwa kuwa yuko Nairobi, kwa kuwa anwani ya intaneti aliyopewa imesajiliwa huko. Mwenye nyumba anayeona "Nairobi" na kuanza kulipia matangazo ya kuwalenga wakazi wa jiji hilo huenda anawalenga majirani zake mwenyewe kwa gharama ya juu. (Hapa ndipo, inavyosemekana, lilipozaliwa neno bodaboda, la watu kusafirishwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Mitambo ya kuhesabu ingalitatizika hata wakati huo.)

Si wenye nyumba pekee wanaopotoshwa. Mnamo Februari 2019, mamlaka ya ushindani na masoko ya Uingereza ilitangaza kwamba kampuni kadhaa za kuhifadhi vyumba mtandaoni, zikiwemo Booking.com na Expedia, zimekubali kubadilisha mienendo yao. Mojawapo ya malalamiko ilihusu ujumbe wa kumwambia mteja kwamba watu kadhaa wanaitazama hoteli hiyo hiyo, ilhali huenda watu hao walikuwa wakitafuta tarehe tofauti kabisa. Ikiwa mnunuzi aliweza kutishwa na nambari hiyo, muuzaji naye aweza kufurahishwa nayo bure.

Kupanda na kushuka kusikokuwapo

Majukwaa mengi hujumlisha siku 30 zilizopita. Tuseme tangazo la Namboboto lilifunguliwa mara 45 mnamo Desemba 20, wakati watu waliokuwa wakijiandaa kurudi nyumbani walipotafuta malazi. Mara hizo 45 zitabaki ndani ya jumla kwa mwezi mzima. Ifikapo takriban Januari 20, siku hiyo hutoka kwenye hesabu na jumla huporomoka usiku mmoja. Mwenye nyumba huamka akidhani kuna jambo lililotokea jana. Hakuna lililotokea jana. Lililotokea lilikuwa mwezi uliopita.

Jambo kama hilo huwapata wageni katika biashara. Airbnb yenyewe hueleza kwamba mfumo wake umeundwa ili matangazo mapya yapate kuonekana vyema katika utafutaji. Basi tangazo likianza kwa kishindo kisha likatulia, mwenyewe asikimbilie kusema amelogwa.

Lakini kosa kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kusoma makubwa ndani ya nambari ndogo. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba katika kila watu 100 wanaofungua tangazo, wawili huhifadhi chumba. Mtu atadhani kuwa watu 60 lazima watoe angaa mgeni mmoja. La hasha. Uwezekano wa wote 60 kuondoka bila kuhifadhi ni 0.98 ikizidishwa kwa yenyewe mara 60, yaani takriban 0.30. Kwa maneno mengine, karibu miezi mitatu katika kila kumi itapita bila mgeni hata kama nyumba haina kasoro yoyote. Na hao ni watu. Ikiwa mara 60 hizo zilitokana na watu 20 waliorudiarudia, uwezekano wa kukosa mgeni hufikia thuluthi mbili. Watu 200 tofauti wakipita bila hata mmoja kuhifadhi, uwezekano kwamba ni bahati mbaya tu hushuka chini ya 2 kwa 100, na hapo ni haki kutafuta hitilafu.

Pa kuitafuta hutegemea hatua iliyokwama. Tangazo likionyeshwa mara nyingi katika matokeo ya utafutaji lakini halifunguliwi, chunguza picha ya kwanza na bei. Likifunguliwa sana bila kuhifadhiwa, chunguza ndani: ada ya usafi, idadi ya chini ya siku, masharti, mahali.

Funzo kutoka Funyula

Swali la kujua ni nini hasa kilichosababisha nini lina historia ndefu hapa hapa. Mwaka wa 1998 ulianza mradi wa kuwapa watoto dawa ya minyoo katika shule 75 za msingi za tarafa za Budalang'i na Funyula, zenye zaidi ya wanafunzi 30,000. Watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walizifuatilia shule hizo zikiwa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupewa dawa 1998, la pili 1999, na la tatu 2001. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Econometrica mwaka wa 2004, na Kremer akawa mmoja wa washindi watatu wa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019.

Kwa nini makundi? Kwa sababu kuilinganisha shule na hali yake ya mwaka uliotangulia kungepotosha. Mvua kubwa za El Nino zilikuwa zimenyesha, na mafuriko huongeza minyoo. Kundi lililosubiri zamu lilionyesha mambo yangekuwaje bila dawa. Aidha, watafiti walieleza kwamba hata watoto wasiotibiwa walinufaika kwa kuwa karibu na waliotibiwa. Na mwaka wa 2015, wataalamu wengine waliporudia hesabu hizo, walibaini makosa ndani yake na mjadala mkali ukazuka. Ikiwa hesabu za wasomi hurudiwa na kukosolewa, ya simu yako nayo yahitaji kuulizwa maswali.

Anayepunguza bei mwanzoni mwa Desemba kisha akaona watazamaji wakiongezeka hawezi kujua kama ni bei au ni Desemba. Mwenye vyumba viwili vinavyofanana, kila kimoja na tangazo lake, ana nafuu: abadilishe picha au bei ya kimoja tu, aache kingine kilivyo, alinganishe katika majuma yale yale. Mwenye kimoja abadilishe jambo moja kwa wakati, na asitarajie jibu katika wiki moja. Kwa nyumba moja ya kijijini, ni mabadiliko makubwa tu yatakayojitokeza. Madogo yatazama ndani ya bahati.

Sambamba na hayo, kijitabu cha kawaida husaidia kuliko wengi wanavyodhani. Andika kila aliyeuliza, tarehe alizotaka, alivyokupata, na sababu iliyomfanya asije. Andika pia idadi ya usiku uliolipiwa. Wageni wa matanga huko Namboboto mara nyingi hupatikana kwa simu ya shemeji au shangazi, bila kufungua tangazo lolote. Mwenye nyumba akiwapokea, huzifunga siku hizo kwenye kalenda ya mtandaoni, na anayezitafuta siku hizo haonyeshwi tena nyumba hiyo. Hivyo mwezi ambao nyumba imejaa kila Ijumaa hadi Jumapili waweza kuwa ndio mwezi ambao takwimu za kutazamwa zimeshuka kuliko yote.