Kasi ya Kuiba

Mwaka wa 2019 nilinunua prosesa iliyonifanya nijione mjanja. Ilikuwa Core i5-2500K, mtumba, shilingi 4,500, kutoka kwa msee aliyekuwa anabadilisha mashine yake. Nilikuwa nimesoma kila mahali kwamba chipu hiyo, hata kama ilitoka 2011, ukiipa feni ya maana inapanda kutoka gigahezi 3.3 hadi 4.5 bila kulia. Nikashuka tao, nikapanda ngazi za jengo moja pale Luthuli, nikauliza madabodi inayokubali 2500K.

"Hii hapa boss. Thao tatu na nusu."

Nikalipa, na doo zenyewe zilikuwa za dadangu. Nilikuwa nimemwambia kwamba mchana hiyo mashine itahariri video za harusi na usiku itacheza gemu, na harusi mbili za kwanza zitamlipa. Muuzaji hakunidanganya, madabodi ilikubali prosesa. Iliyokataa ni BIOS. Nilitafuta mahali pa kubadilisha kizidishi, nikaipata ile namba 33, imeandikwa kwa rangi ya kijivu. Nilibonyeza weee. Haisongi.

Kizidishi ndicho kinachoamua kila kitu hapa, kwa hivyo nikieleze haraka. Madabodi hupiga mdundo wa msingi, kwenye mashine yangu megahezi 100. Prosesa huuzidisha huo mdundo, kwangu mara 33. Hiyo ndiyo 3.3 unayoiona kwenye boksi. Ukitaka kasi zaidi bila kulipa, unaongeza mdundo au unaongeza kizidishi. Njia ya tatu haipo, na historia nzima ya kuovakloki ni ya watu kufungiwa mlango mmoja na kukimbilia ule mwingine.

Ilianza kabla sijazaliwa. IBM ilipotoa PC AT mwaka wa 1984, prosesa yake ilikimbia kwa megahezi 6, ikiongozwa na kipande cha fuwele cha megahezi 12 kilichochomekwa kwenye madabodi. Watu wakagundua kwamba unaweza kung'oa kile kipande, uweke cha 16, na mashine ikimbie kwa 8. Kipande chenyewe kilikuwa cha bei ya mchezo. IBM ilijibu kwa kuweka ukaguzi ndani ya BIOS za baadaye: mashine ikiwaka na kujikuta inakimbia kupita kiasi, inakataa kuendelea. Kama uliwahi kupanda matatu baada ya sheria za Michuki za 2004, zile za kufunga gari lisipite kilomita 80 kwa saa, unajua hiyo hali. Injini ina nguvu, lakini kuna mtu amekaa kati yako na mafuta.

Lakini siku ninayoipenda zaidi katika hadithi hii ni Agosti 24, 1998. Siku hiyo moja Intel ilitoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669, na Celeron 300A kwa dola 149. Celeron ilikusudiwa mtu wa kuandika barua. Ilikuwa na kashe ya kilobaiti 128 tu, wakati Pentium II ilikuwa na 512. Kumbe kashe ya Celeron ilikuwa ndani ya chipu yenyewe, inakimbia sawa na prosesa, na ile kubwa ya Pentium II ilikuwa nje, inajikokota kwa nusu ya kasi. Wakati huo Intel ilikuwa imeshafunga vizidishi, na ilikuwa na sababu ya kueleweka: matapeli walikuwa wanafuta maandishi ya chipu za polepole na kuziuza kama za kasi. Kizidishi cha 300A kilikuwa 4.5 na hakikubadilika. Mdundo ulikuwa 66. Sasa piga hesabu: 66 mara 4.5 ni karibu 300. Weka mdundo wa 100, na 4.5 ileile inakupa 450.

Kwa nini 100 na si 83, ambayo pia ilikuwa inapatikana? Hapa ndipo madabodi inaingia, na ndicho kitu ambacho mimi nilikuwa sijaelewa nikiwa Luthuli. Mdundo hauendi kwa prosesa peke yake. Kadi za PCI na diski hupata kipande chake. Ukiweka 83, PCI inapata 41 na ushee badala ya 33, na diski inaanza kuharibu faili zako kimyakimya. Ukiweka 100, madabodi yenye chipseti ya 440BX inagawanya kwa tatu na PCI inarudi 33 safi. Yaani kuruka mbali kulikuwa salama kuliko kuruka karibu. Anayejua hayo alihitaji kutafuta madabodi ya BX, na mara nyingi jina lililotajwa lilikuwa Abit BH6, ya kampuni ya Taiwan. Abit ilikuwa na SoftMenu: unabadilisha mdundo na volteji ndani ya BIOS kwa kibodi, badala ya kufungua kasha na kuhamisha vipini kwa kucha. Wenye madabodi zisizo na hiyo menyu walifunika mguu mmoja wa Celeron, ule wa B21, kwa kipande cha utepe au rangi ya kucha, na madabodi ikadhani imepewa chipu ya 100. Fikiria hapo. Dola 520 za tofauti, na dawa yake iko kwenye mkoba wa mamako.

Mwaka uliofuata Abit ikazidisha utundu na BP6, madabodi iliyobeba Celeron mbili kwa pamoja, jambo ambalo Intel haikukusudia kwa chipu za bei hiyo. Mwaka wa 2000 ikawa zamu ya AMD. Athlon na Duron za wakati ule zilikuwa na vidaraja vidogo vya dhahabu juu ya chipu, vimekatwa ili kufunga kizidishi, na vijana waliviunganisha tena kwa kuchora na penseli. Penseli ya kawaida, ya shule.

Naona raha kusimulia haya, lakini sitaki tudanganyane kwamba ilikuwa sherehe tupu. Madabodi nyingi za miaka ile, na za Abit zikiwemo, zilikuja na kapasita mbovu zilizovimba kichwa na kutoa maji ya kahawia. Mtu aliyeokoa dola 500 kwenye prosesa alizika mashine nzima baada ya miaka miwili. Abit yenyewe iliyumba kifedha, ikauzwa, na ikaacha kutengeneza madabodi mwishoni mwa 2008.

Halafu 2011, mwaka wa chipu yangu. Intel ilifunga milango yote miwili kwa mpigo. Mdundo wa 100 ulifungwa pamoja na kila kitu kingine, hivi kwamba ukiusukuma asilimia chache tu, diski na USB zinaanza kuchizi. Kizidishi kikaachwa wazi kwa chipu zenye herufi K peke yake. Ukiangalia bei, K haikuwa ghali: i5-2500 ilikuwa dola 205 na 2500K dola 216. Dola 11 tu. Ujanja ulikuwa kwingine. K ilifunguka tu kwenye chipseti ya P67, na baadaye Z68. Ukiiweka kwenye H61, chipseti ya bei ya chini, inakuwa 2500 ya kawaida. Madabodi yangu ilikuwa H61. Zile dola 11 alizolipa mtu fulani 2011, mimi niliziua kwa thao tatu na nusu.

Watengenezaji wa madabodi walijaribu kutoboa ukuta. Mwaka wa 2013 baadhi yao walifungua kizidishi kwenye chipseti za bei nafuu za H87 na B85, Intel ikajibu kwa kutoa sasisho la kuzifunga. Mwishoni mwa 2015 ASRock na wenzake wakatoa BIOS za kuongeza mdundo kwa chipu zisizo na K, na miezi michache baadaye, mapema 2016, hizo BIOS zikaondolewa. Katikati ya hayo, 2014, Intel ilitoa Pentium G3258 ya dola 72, imefunguliwa kwa makusudi, zawadi ya miaka 20 ya jina Pentium. Ilipanda vizuri, lakini ilikuwa na kori mbili tu, na mwaka huohuo Far Cry 4 ikatoka ikiwa haiwaki kwenye kori mbili. Hiyo ndiyo zawadi.

Aliyebadilisha mambo ni AMD, Machi 2017. Kila Ryzen ilikuja imefunguliwa, na chipseti ya bei ya kati, B350, iliruhusu kuovakloki. Ya chini kabisa, A320, haikuruhusu. Kwa hivyo ukisimama kaunta leo na mtu anakusukumia madabodi ya AM4, soma herufi ya kwanza kabla hujasikiliza bei.

Ila herufi pekee haitoshi, na hapa ningependa uchelewe kidogo. Prosesa inayokula wati 100 kwa volti 1.3 inapitisha karibu ampea 77. Pawa saplai inaleta volti 12. Kazi ya kuzishusha inafanywa na safu ya transista na koili zilizo kando ya soketi. Madabodi za bei rahisi hupunguza gharama palepale. Zina transista chache, na juu yake hakuna kipande cha alumini cha kutoa joto. Inawaka, inaovakloki dakika kumi, halafu inajipunguza kasi yenyewe kwa sababu inaungua, na wewe unalaumu prosesa. Sasa mimi nikienda kununua siulizi rangi wala taa. Nageuza ubao, nahesabu koili, naangalia kama kuna alumini, nainusa kama ni mtumba, na naomba iwashwe mpaka BIOS nione tarehe ya toleo. Wauzaji wengine hukasirika. Wacha wakasirike.

Mwaka wa 2020 nilimuuzia H61 na 2500K jamaa mwenye cyber mtaani kwetu, kwa hasara, nikachukua Ryzen 5 1600 na madabodi ya B450, zote mtumba. Nilifika 3.8 kwenye kori zote sita kwa volti 1.3, nikaacha hapo. Video ya harusi iliyokuwa inalala usiku mzima ikawa inaisha kabla ya chai ya saa nne, na dadangu nilimmalizia deni lake Desemba, bila riba, ingawa aliitaja.

Ile H61 bado iko cyber, inachapisha risiti za KRA. Wiki jana niliingia BIOS yake kumsaidia jamaa kurekebisha saa, nikapita kwenye ile 33 ya kijivu. Nilibonyeza tena, tu.