Guzzi Falcone: uamuzi wa mwaka 1921 ambao bado unafunguliwa kwa spana

Leo tuiweke tarakilishi kando kidogo, tuzungumzie chuma. Nataka tuitazame historia ya pikipiki moja ya Italia, Moto Guzzi Falcone, kwa ajili ya swali ambalo sisi tunaoandika programu tunapaswa kulijali. Inakuwaje mtu aikute mashine ya mwaka 1953 imejaa kutu ndani ya banda, aipeleke nyumbani kwake, aifungue kwa spana za kawaida, na baada ya miezi kadhaa iwake tena? Programu ya miaka kumi tu iliyopita mara nyingi hugoma kabisa kwenye mashine ya leo.

Wako wanaosema vyuma vya zamani vilikuwa imara kuliko vya sasa. Mimi sikubali. Vyuma vya zamani vingi vimekufa na kusahaulika. Falcone inafufuka kwa sababu ya uamuzi uliofanywa mwaka 1921, na uliolindwa kwa zaidi ya miaka hamsini.

Fundi mmoja na marubani wawili

Vita Vikuu vya Kwanza vilimkutanisha Carlo Guzzi na marubani wawili katika kikosi cha ndege cha jeshi la majini la Italia. Guzzi, mzaliwa wa Milano mwaka 1889, alikuwa fundi. Giorgio Parodi alikuwa mtoto wa tajiri wa meli wa Genova. Giovanni Ravelli alikuwa tayari anajulikana kwa mbio za pikipiki. Wakapanga kwamba vita vikiisha watengeneze pikipiki yao: Guzzi achore, Parodi atafute fedha, Ravelli ashindane nayo.

Ravelli hakuiona siku hiyo. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1919, na tai mwenye mabawa wazi anayeonekana kwenye matangi ya Guzzi hadi leo aliwekwa kwa kumkumbuka. Upande wa fedha, baba yake Parodi alikubali mwezi Januari 1919 kutoa lira 1,500 hadi 2,000 za majaribio. Pikipiki ya kwanza ya majaribio ikaitwa G.P., yaani Guzzi na Parodi. Tarehe 15 Machi 1921 kampuni ikaandikishwa Genova, na kiwanda kikawa Mandello del Lario, mji mdogo ulio ukingoni mwa ziwa Como.

Silinda iliyolala

Pikipiki yao ya kwanza ya kuuzwa iliitwa Normale. Silinda yake ilikuwa moja tu, na haikusimama wima kama za pikipiki nyingi za wakati huo. Ililala, kichwa chake kikitazama mbele. Faida yake ni rahisi kuiona. Upepo hukipiga kwanza kichwa cha injini, mahali penye joto kali zaidi, na uzito wa injini hukaa chini, karibu na barabara.

Sasa shika kalamu. Kipenyo cha silinda ni milimita 88, na pistoni husafiri milimita 82. Nusu ya kipenyo ni sentimita 4.4. Zidisha 4.4 kwa 4.4, kisha kwa 3.1416, kisha kwa 8.2. Utapata karibu sentimita za ujazo 499, ndiyo maana ikahesabiwa kuwa pikipiki ya "mia tano". Jambo la kushangaza kwa mwaka 1921 ni kwamba kipenyo kilizidi mwendo wa pistoni. Injini nyingi za enzi hizo zilikuwa kinyume chake, nyembamba na ndefu.

Guzzi alifanya mambo mengine mawili. Kwanza, aliiweka injini na giaboksi ndani ya ganda moja na kuziunganisha kwa meno ya gia, wakati wengi walikuwa bado wanaunganisha visanduku viwili kwa mnyororo. Pili, aliitoa flaiwili nje. Flaiwili ni gurudumu zito la chuma linalohifadhi nguvu ili injini isizunguke kwa kushtukashtuka. Likikaa ndani, ganda lote hulazimika kuwa kubwa. Likikaa nje, ganda hubaki dogo na imara. Basi upande wa kushoto wa pikipiki hizi kuna duara la chuma linalozunguka waziwazi, na wapenzi wake wamelifananisha na mashine ya buchani ya kukatia vipande vyembamba vya nyama.

Matoleo mengi, msingi mmoja

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Normale ilikuwa na nguvu za farasi 8 hivi. Mwaka 1928 ikaja GT yenye springi za nyuma, na ndugu yake Carlo, Giuseppe Guzzi, akaiendesha kutoka Italia hadi ncha za kaskazini mwa Norwei ili kuthibitisha kwamba springi hizo hazivunjiki. Katikati ya miaka ya 1930 zikaingia injini za valvu za juu na giaboksi ya gia nne. Mwaka 1950 ikazaliwa Falcone, ambayo katika toleo la Sport ilifika nguvu za farasi 23 na mwendo wa takriban kilomita 135 kwa saa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaja Nuovo Falcone, iliyoanza kama pikipiki ya polisi na jeshi na kuendelea kutengenezwa hadi mwaka 1976.

Kutoka farasi 8 hadi farasi 23 mambo mengi yalibadilika: valvu, fremu, springi, breki, taa. Lakini silinda iliendelea kulala, na vipimo vyake vikabaki 88 kwa 82 kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa lugha yetu, waliboresha kila kitu kilichoizunguka injini bila kuvunja msingi. Fundi aliyejifunza Guzzi ya mwaka 1935 hakupotea alipofungua ya mwaka 1955.

Lakini ngoja kwanza, tusiwasifu kupita kiasi. Ung'ang'anizi huo ulikuwa na bei yake. Mwaka 1957 Fiat ilileta gari dogo la Nuova 500, na Muitaliano aliyekuwa akipanda pikipiki kwa sababu hana uwezo wa gari akaanza kuhama. Mwaka huohuo Guzzi ikajitoa kwenye mbio za dunia. Falcone ikabaki hai kwa kiasi kikubwa kwa sababu serikali iliendelea kuinunua kwa ajili ya polisi wa barabarani na vikosi vingine. Carlo Guzzi alifariki mwaka 1964. Mwaka 1967 kampuni ikaingia mikononi mwa wasimamizi wapya, na iliyoiokoa sokoni ni V7, pikipiki ya silinda mbili iliyobuniwa na Giulio Cesare Carcano, isiyohusiana kabisa na silinda iliyolala. Baadaye wenye mali wakabadilika tena: De Tomaso mwaka 1973, Aprilia mwaka 2000, Piaggio mwaka 2004.

Kwa hiyo kumbuka hili: msingi usiobadilika haukutosha kuiokoa kampuni. Uliziokoa pikipiki zenyewe. Kwa kuwa vipimo vilikuwa vilevile kwa miongo mitano, mafundi wadogo na maduka ya spea waliona faida kuendelea kuchonga pistoni, ringi na gasketi zake hata baada ya kiwanda kuacha.

Kazi ya nyumbani

Haya, tuseme mtu wa Lombardia ameipata Falcone yake na kuisukuma hadi kwenye karakana nyuma ya nyumba. Anaanzia wapi?

1. Daftari na picha. Kabla ya kufungua nati hata moja, kila upande hupigwa picha, na namba za fremu na injini huandikwa na kulinganishwa na hati. Nchini Italia jambo hili lina uzito wa kisheria. Kifungu cha 60 cha sheria ya barabara ya mwaka 1992 kinatambua vyombo vya kihistoria vilivyoandikishwa kwenye madaftari maalumu, kama lile la ASI, chama kilichoanzishwa mwaka 1966, na lile la shirikisho la pikipiki, FMI. Namba zikigongana, kazi yote inaweza kukosa maana.

2. Kuzungusha kwa mkono. Injini iliyokaa miaka mingi mara nyingi imeganda. Ukiipiga kiki kwa nguvu unaweza kuvunja kitu. Mafuta mepesi hutiwa kupitia tundu la plagi na kuachwa siku kadhaa. Kisha unalishika lile gurudumu la nje kwa mikono miwili na kulisukuma polepole, mbele na nyuma. Ule uamuzi wa mwaka 1921 wa kuiweka flaiwili nje umekuwa mlango wa kuijulia hali injini bila kuifungua.

3. Kupima. Silinda hupimwa juu, katikati na chini. Ikiwa imelika na kuacha umbo la duara, huchongwa kidogo na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Hapa ndipo namba 88 inapolipa: spea za vipimo vya nyongeza zinajulikana.

4. Umeme. Magneto hutengeneza cheche bila kutegemea betri. Tatizo ni kwamba waya zake nyembamba zilifunikwa kwa vanishi ya zamani inayochakaa. Ikiwa baridi inafanya kazi vizuri, ikipata joto inazima. Wengi hudhani ni kabureta. Dawa ni kuisuka upya.

5. Petroli. Falcone iliundwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi, ambayo yalisaidia kulinda makalio ya valvu. Italia iliachana nayo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sisi Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006, kwa manufaa ya afya ya watoto wetu. Anayefufua injini ya zamani anaweza kuweka makalio ya chuma kigumu zaidi. Pia petroli yenye ethanoli hula mipira ya zamani, kwa hiyo paipu na mipira hubadilishwa yote.

6. Breki. Hapa ni tahadhari. Breki za miaka hiyo mara nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo Italia iliipiga marufuku mwaka 1992. Vumbi lake halipulizwi kwa pampu ya upepo hata siku moja. Hulowanishwa, hufutwa, na kitambaa chake hutupwa kama sumu.

Kisha huja siku ya kuwasha. Unafungua petroli, unabonyeza kitufe cha kabureta ya Dell'Orto mpaka ilowe, unachelewesha cheche kwa mkono, unainua valvu kwa kishikizo kilicho kwenye usukani ili kupunguza mgandamizo, unaipeleka pistoni mahali pake, ndipo unapiga kiki. Hakuna hatua hata moja inayofichwa. Mashine inakutaka uelewe inachokifanya.

Kinachofutwa hakirudi

Jambo gumu kuliko yote si injini bali rangi. Tuseme tangi lina mikwaruzo, na chini ya rangi ya sasa inachungulia nyingine, labda ya miaka ambayo pikipiki ilikuwa mikononi mwa polisi. Fundi anaweza kulipeleka likapigwe mchanga na kupakwa rangi nyekundu inayong'aa. Litapendeza. Lakini ushahidi wa maisha yake utakuwa umeondoka, na hakuna nakala ya akiba.

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lilipitisha Hati ya Torino kuhusu suala hili. Hati hiyo inatofautisha kuhifadhi na kutengeneza upya, inasisitiza kuheshimu kile kilichobaki cha asili, na inataka kila kilichofanywa kiandikwe. Wanaprogramu tunaijua kanuni hii: hufuti kitu kabla ya kuhifadhi kilichokuwepo na kueleza sababu ya kukibadilisha. Mimi niko upande wa daftari. Pikipiki iliyong'arishwa bila kumbukumbu ni nzuri kuitazama, lakini haiwezi tena kujibu maswali.

Na sisi je?

Pikipiki nyingi kubwa za leo zina tarakilishi ndani yake inayopima petroli, kuamua cheche na kusoma breki. Ni salama zaidi na hunywa mafuta kidogo zaidi, sibishi. Lakini mara nyingi programu hiyo imefungwa. Mwenye pikipiki haruhusiwi kuisoma, na kifaa cha kuisoma huwa mikononi mwa wachache. Kampuni hubadilisha wenyewe, kama tulivyoona Mandello. Swali ni kama mtu wa mwaka 2090 atakayeikuta mashine ya leo bandani atakuwa na gurudumu lolote la kushika.

Carlo Guzzi hakumwandikia barua mtu huyo. Alimwachia vipimo vilivyodumu, visehemu vinavyofunguka, na ganda linaloeleweka kwa macho. Wewe unayeandika programu ya hospitali, ya sacco au ya shule ya kijijini kwenu, chagua mapema ni kipi hutakibadilisha ovyo, kiandike wazi, na uache mahali ambapo mgeni anaweza kuweka spana yake.